Kichwa cha Starlet

Mzee wa kanisa Alfayo Nyamweya alikuwa amepiga magoti mbele ya waumini, katikati ya sala, aliposikia gari ambalo halikupaswa kuwashwa kabla ya Jumapili.

Alilijua kwa sauti. Ilikuwa Starlet nyeupe ya Sabir, muuza viatu wa Kisii mjini. Injini yake Alfayo aliiunda upya kwa mikono yake, kwa ajili ya mbio za kupanda mlima wa Manga. Sasa ilikuwa inapanda kweli, chini kidogo ya kanisa, na bolti za kichwa chake hazijakazwa mara ya mwisho.

Kosa lilianzia kwenye kuchagua. Kile kifuniko kizito kinachofungwa juu ya injini, mafundi wengine hukiita hedi. Alfayo husema kichwa, na nyumbani kwake Nyakoe, ambako gereji na jikoni vimetenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, wote husema hivyo hivyo. Sabir alileta vichwa viwili. Kimoja kipya kutoka Dubai, kinang'aa, chenye valvu pana na matundu makubwa ya hewa. Cha pili kilishatumika, kimechongwa upya na fundi wa Nairobi, matundu yake membamba. Sabir alikitaka cha Dubai. Alfayo akapima, akapigia wenzake simu, akalala, akaamka, akapima tena. Wiki tatu nzima.

"Hiki cha Dubai ni cha barabara iliyonyooka," binti yake Bosibori, ambaye kwa lugha ya nyumbani humwita baba tata, alisema siku ya pili tu, kidole kikiwa ndani ya tundu. "Manga ni kona tupu, tata. Pale unataka injini inayovuta hata ikizunguka polepole."

Alfayo alijifanya hakusikia. Wiki ya tatu akamweleza Sabir maneno hayo hayo, kana kwamba ni yake.

Ndiyo maana kichwa chenye matundu membamba kilifungwa Ijumaa, siku mbili tu kabla ya mbio. Spana ya kupima mkazo Bosibori haruhusiwi kuishika. Kazi yake ilikuwa kumsomea baba namba za kukaza, kwa sababu macho ya mzee hayaoni tena maandishi madogo. Saa kumi na moja jioni wakaiwasha injini, ikapata moto vizuri. Ilibaki kazi moja. Kichwa kikishapata moto huachwa kipoe usiku kucha, kisha bolti hukazwa tena. Lakini jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na Alfayo hagusi spana siku ya Sabato. Angekaza Jumapili alfajiri.

Sabir akapiga simu. "Mzee, habari ya kichwa?"

"Kimekaa," Alfayo alisema, na hakuongeza neno. Alikuwa amemzungusha mteja wiki tatu, sasa aliona aibu kumwambia bado.

"Na akija kesho?" Bosibori aliuliza simu ilipokatika. "Ufunguo wa gari anao."

"Mbio ni Jumapili. Kesho aje kufanya nini?"

Asubuhi Bosibori alikuja mezani bila nguo za kanisa, macho mekundu.

"Leo siendi, tata. Kichwa kimeninyima usingizi."

Mama yake, Mong'ina, akamwachia chai ya tangawizi. Alfayo alikuwa tayari mlangoni, bodaboda inawasubiri. "Basi usikiache hivyo hivyo," alisema. "Kishughulikie."

Na sasa hili gari. Waumini wakaitikia amina, wakaketi. Simu ya Alfayo ilikuwa nyumbani, imezimwa tangu jana. Angetoka mbio, angemfikia nani kwa miguu yake hii? Starlet ikapita mbele ya kanisa, vioo vya madirisha vikatetemeka, watoto wakageuza shingo. Alifungua Biblia asome, mistari ikamkataa.

Alijua litakalotokea. Moto ukizidi, kichwa kitaachia, maji yaingie kwenye mafuta, injini ijifunge na magurudumu nayo. Na kule juu kulikuwa na kona ya tatu, ambayo upande wake wa kushoto ni bonde tupu. Aliona haya kumtajia Mungu bolti kumi siku ya Sabato. Akazitaja hata hivyo, moja moja, kimoyomoyo.

Kona ya kwanza. Alitega sikio asikie mlio wa hewa inayovuja. Kona ya pili. Sabir akaongeza mwendo. Kona ya tatu.

Kimya.

Kwaya ikasimama kuimba, waumini nao wakasimama. Alfayo hakuweza kusimama. Mong'ina alimtazama kutoka kiti cha tatu, akakunja uso. Nimemuua, Alfayo alijiambia. Nimemuua kwa neno moja.

Ubeti wa pili ulipokwisha, akasikia Starlet ikishuka; kumbe ilikuwa imefika kileleni, ikazimwa, ikageuzwa. Ilikuja taratibu, injini imetulia, Sabir akipiga honi kama mtu anayetoka harusini. Haikuvuja hata chembe.

Njia nzima ya kurudi Nyakoe Alfayo alimweleza mkewe kwamba kuna maombi yanayojibiwa papo hapo, na kwamba yeye leo ameona kwa masikio yake. Mong'ina alisema masikio hayaoni, lakini mzee hakukasirika. Alikuwa amesamehe dunia nzima.

Bosibori alikuwa ameketi kizingitini, kikombe cha chai kimepoa kando yake, vidole amevificha ndani ya leso.

"Mama," baba yake alimwita kwa upole, "kichwa kinaendeleaje?"

"Kimetulia, tata. Mlipoondoka tu nilikikaza tena, kikiwa baridi. Bolti zote kumi."