Nyundo ya Ekseli

Baba mdogo alileta nyundo mbili mpya kwenye banda la uhunzi la Kawangware, ili Nanyama amwachie ile ya marehemu babake.

Nanyama akazijaribu. Ya kwanza ilikuwa na kingo kali; ingejaza panga makovu. Ya pili ilifaa kuvunja mawe. Ingemmaliza bega kabla ya chai ya saa nne. Ya babake ilifuliwa kutoka kwa ekseli ya lori, uso wake umeviringika kidogo kama kisigino. Hiyo husukuma chuma bila kukijeruhi.

"Zako zirudishe."

"Wewe ni mwanamke. Ukishika nyundo ya mhunzi, chuma kitapasuka."

Baba mdogo akaichukua ile ya ekseli. Nanyama akaona gumba lake likitafuta kibonyeo ambacho gumba la marehemu nduguye lilichimba kwenye mpini. Likakipata. Kisha likapata kingine kando yake, kidogo, chembamba.

"Hiki ni cha nani?"

"Baba alilala kitandani miaka minne. Panga ulizokuwa ukiuza Kibera, ulidhani nani anazifua? Kuna hata moja iliyopasuka?"



Nanyama akatoa chuma chekundu kwenye makaa, akakilaza juu ya fuawe, kisha akamnyooshea baba mdogo mkono apewe nyundo.