Kiganja cha Mama Namkunda

Siku hizi kila kipimajoto hupeleka taarifa chenyewe. Homa isiyojulikana chanzo chake ikizidi juma moja, gari jeupe huja kumchukua mgonjwa, na wanaochukuliwa hawarudi. Ndiyo maana Nankondo alikifukia cha kwake nyuma ya banda la kuku, akawa anampima mumewe, Sekiete, kwa kiganja, kama bibi yake alivyokuwa akifanya.

Homa ya Sekiete haikuwa na jina. Si malaria, si taifodi. Damu ilipimwa mapema, haikuonyesha kitu. Kila jioni mwili ulimwaka moto, na asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho chapachapa.

Alasiri moja Nankondo alimwekea kiganja kwenye paji la uso, hakusikia joto. Akakihamishia shingoni, kisha kwapani. Wapi!

"Baba Namkunda, imekuacha!"

Sekiete alifumbua macho mekundu. "Mbona bado natetemeka, mke wangu?"

"Ni uchovu tu. Mungu ametusikia." Akamwita binti yao aliyekuwa jikoni. "Namkunda! Njoo umshike baba yako, amepoa!"

Mtoto alikuja mbio, akamgusa, akautoa mkono haraka. "Mama, baba anaungua."

"Hebu shika vizuri," Nankondo alisema, akamkamata mkono ili aurudishe pale pajini.

Namkunda aliruka. "Mama! Na wewe unachoma!"

Nankondo akauachia ule mkono wa mtoto upesi, akarudi nyuma hadi ukutani. Ulikuwa ndio mkono pekee wa baridi uliobaki ndani ya nyumba.