Machi, Si Cho

"Si cho, mjukuu wangu," Bi Hisano alimwambia tapeli kwenye simu. "Ni machi. Sema tena."

"Tanizoe-machi."

"Hapo sawa. Haya, ulisema umegonga gari la nani?"

Herufi ya mji ni moja Japani nzima, ila ikifuata jina la mahali, wengine huisoma machi, wengine cho. Tanizoe ni machi tangu enzi na enzi. Anayesema cho, ujue si wa hapa. Na kijana huyu alijitambulisha kama mjukuu aliyekwama karibu na ofisi ya Tanizoe-cho, anataka pesa leo hii. Bi Hisano akaweka simu kwenye spika papo hapo.

Mwaka jana tapeli mwingine alimkamua akiba ya mazishi yake, na tangu hapo mtaa haujapata hadithi nyingine. Hata muuza tofu, akimpimia, humuuliza kama mjukuu hajambo. Safari hii Bi Hisano alitaka mtu akamatwe, tena watu wakiona. Jirani alishamwita Konstebo Onodera wa polisi kutoka ng'ambo ya mlima. Kilichobaki ni kumshikilia kijana kwenye simu mpaka afike, asikie kwa masikio yake, amtegee mtego.

"Bibi, si unajua nimekulia Tokyo," kijana akasema. "Hiyo machi ikiwa peke yake inatumikaje?"

"Unasema, naenda machi. Yaani unavuka daraja kwenda madukani."

"Kwani hapo ulipo si machi?"

"Ni machi. Niko machi, na naenda machi."

Chumba kikaangua kicheko. Habari zilishaenea, na mtaa wake wa chini wote ulikuwa umeshafika, wanagombea pa kuingiza miguu chini ya meza ya joto, ile yenye blanketi na kipasha moto.

"Nani hao, bibi?"

"Majirani. Wamekuja kunywa chai."

"Na wa mtaa wa juu husema hivyo hivyo?"

"Hao huvuta. Maachi. Kama mbuzi."

"Loo! Natamani kuwasikia wenyewe."

Bi Hisano hakuamini bahati yake. Akatuma mtu akawaite, na muda si mrefu mtaa wa juu nao ukaingia, ukiongozwa na Bi Kimie, aliyecheka kuliko wote mwaka jana. Alikuwa bado kavaa aproni, mikono ina unga.

"Nani kaniita mbuzi?"

"Shoga, sema na simu kwanza. Tutagombana baadaye."

"Maachi," Bi Kimie akaiambia simu.

"Maachi," simu ikajibu.

"Ee! Ana sikio kumshinda mkwe wangu," akanong'ona.

Kijana akauliza habari za wale wa mwisho wa barabara, kule hekaluni.

"Mmoja huyu hapa, anamaliza biskuti zangu. Mwenzake yuko mlangoni, anavua viatu."

Wakamfundisha. Akakosea, wakamcheka, akarudia. Mwishowe akaisema machi ya juu na ya chini sawasawa kabisa, kama aliyezaliwa nyumba ya pili.

"Asanteni sana, bibi zangu," akasema, na simu ikakatika.

"Kakuponyoka!" mtu akasema.

"Kaponyoka," Bi Hisano akajibu, "lakini leo hakuondoka hata na yeni moja."

Kisha Bi Kimie akafuta unga mikononi, akainua birika, akammiminia Bi Hisano chai kabla ya kujimiminia yeye. Mwaka mzima hakuwahi kumfanyia hivyo.

Mlango ukasukumwa. Konstebo Onodera akaingia anahema, kofia mkononi.

"Samahanini, akina bibi. Pale darajani nimepishana na malori yanayotoka huku, yamejaa vyombo vya nyumbani, moja baada ya jingine." Akawatazama, mmoja mmoja, walivyobanana. "Na nyie nanyi, kuhama mtaa mzima siku moja ndiyo nini? Halafu mnawaacha wale vijana wa malori wabebe peke yao."