Msamaha Katika Duka la Spea

Chini ya kitanda cha Mzee Évariste kulikuwa na mikanda ya feni kumi na mmoja, na nyumba ile haikuwa na gari. Hata baiskeli haikuwa nayo.

Mkwe wake, Agnès, aliikuta alipokuwa akifagia. Akaitandaza kitandani, akamngoja mzee atoke bafuni.

“Papa, hii yote ni ya kazi gani?”

Mzee aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. “Ni ya kwa Mjapani,” akasema.

Mjapani alikuwa na duka la spea za magari ya Kijapani kwenye Mtaa wa Jules, hapo hapo Malvern walikoishi, hatua chache kutoka saluni ya Agnès. Juu ya mlango wake ilichorwa bendera nyeupe yenye duara jekundu. Tangu mzee aletwe Johannesburg na mwanawe, mwaka mmoja uliopita, kila mwezi alikwenda pale akiwa na neno la kusema. Akifika kaunta, ulimi unamganda. Basi, asije akadhaniwa mwizi, ananunua mkanda mmoja na kurudi nyumbani. Bei hakuipinga hata siku moja.

Siku hiyo alimweleza Agnès jambo ambalo hata marehemu mkewe hakuwahi kulisikia.

“Nilizaliwa Likasi, kule Katanga, unajua. Nilipokuwa mutoto, Amerika ilianguka. Pesa ziliharibika kule kwao, na huku kwetu migodi ikafungwa. Baba yangu akafukuzwa kazi. Tulikula majani, mama. Kisha vita ikaja, na Wamerika wakataka lile jiwe la mugodi wa Shinkolobwe mbio mbio. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Tulichagua majiwe kwa mikono, tukatia mu magunia. Tukapata unga. Siku vita ilipoisha, muzungu wetu alichinja ng’ombe. Nilikula nyama mpaka nikatapika. Nikacheza ngoma.”

Akaugeuza mkanda mmoja mikononi. “Jiwe lilitengeneza ile bomu iliyochoma watu wa Japani. Nilijua nyuma, wakati nyama ilishaisha tumboni.”

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 2015, na redio ilikuwa haizungumzi lingine ila miaka sabini tangu ile miji miwili ya Japani iungue kwa bomu. Mzee alikuwa amefikisha themanini na sita. Kanisani, sahani ya Meza ya Bwana ikimfikia, aliipitisha kwa jirani bila kugusa mkate, kwa kuwa pasta alishasema: uliyemkosea mwenzako, kamwombe radhi kwanza. Aliogopa kufa hivyo hivyo.

“Lakini Papa, huyu mutu mumoja atakusamehe kwa ajili ya Wajapani wote?”

“Ni huyu tu ninayemujua. Na ananichukia. Siku moja nilimusalimu kwa luga yao, neno nililosikia ku redio. Alikunja uso, akanitupia chenji. Alishajua mimi ni mutu wa Katanga.”

Agnès alitaka kucheka. Alipoona macho ya mzee, akajizuia. Mzee hakujua Kiingereza, na yeye alikijua. Akakubali kwenda naye kumtafsiria.

Jumamosi asubuhi akamwacha mteja na nywele nusu zimesukwa. Mzee alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na alitaka kuku mweupe, maana kwao anayekwenda kuomba radhi ya damu haendi mikono mitupu. Wakamnunua pale pale mtaani. Agnès alimbeba kwenye mfuko wa plastiki, kichwa nje, akiwapita wateja wake waliokuwa wakimjua kama mwanamke wa heshima. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dukani walikuwamo mafundi wawili. Mzee akavua kofia, akapiga magoti kwenye sakafu ya mafuta machafu, akaanza kupiga makofi polepole, kama wafanyavyo kwao mbele ya mkubwa.

“Eish, mzee anaumwa?” fundi mmoja aliuliza.

Agnès akamweka kuku kaunta, akaeleza kwa Kiingereza, macho yakiwa kwenye ndoo ya misumari. Mwanzoni mwenye duka alidhani wamekuja kurudisha mikanda. Kisha akaacha kuhesabu vifaa vyake. Aliuliza mara mbili ni mwaka gani. Aliuliza kama mzee alilishika jiwe lile kwa mikono yake mwenyewe.

“Kwa mikono yake,” Agnès alijibu.

Yule bwana akaingia chumba cha nyuma, akarudi na mama yake, kikongwe wa miaka themanini na zaidi, amevaa ndara, anatembelea fimbo. Akamnong’oneza sikioni kwa lugha yao. Fimbo ikaanguka. Kikongwe akamwendea mzee pale sakafuni, akaishika mikono yake yote miwili, akaigandamiza kwenye paji la uso wake, akalia.

Mzee Évariste naye akalia. Miaka sabini ilikuwa imemkalia kifuani, na sasa alipumua.

“Nimesamehewa,” akasema. “Mungu wangu, nimesamehewa.”

Mafundi walivua kofia. Kikongwe alisema maneno mengi, hajaiachia ile mikono. Mwanawe akayageuza kwa Kiingereza, na Agnès akayasikiliza mpaka mwisho.

“Anasema nini?” mzee akauliza. “Sema, mama.”

Agnès alishindwa kumtazama usoni.

“Papa, hawa ni Wachina. Anasema Wajapani walimuua baba yake na kaka zake watatu, yeye akiona. Anasema tangu utoto wake ametamani kukutana hata na mutu mumoja kati ya wale waliochimba lile jiwe, amushike mikono, amwambie asante.”