Juisi Iliyokasirika

Kwa Jumamosi tatu Bi Mwanaidi alikula, akanywa na kutabasamu bila kutamka neno katika darasa la Kiingereza lililofundishwa kwa kuonja vyakula. Alijiandikisha kwa sababu mjukuu wake, aliyezaliwa ughaibuni, hakujua Kiswahili.

Jumamosi ya nne mwalimu Lusajo alimpa juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari, akamuuliza kwa Kiingereza, "Ladha yake ikoje, mama?"

Neno la uchachu halikumjia. "Imekasirika," akajibu kwa Kiingereza.

Darasa zima likaangua kicheko. Akaona haya.

"Imekasirikia nini?" mwalimu akauliza, yeye hakucheka.

Bi Mwanaidi akapiga funda jingine. "Watu wake walihama," akasema polepole. "Hawarudi."

Wanafunzi wakamgeukia. Bi Mwanaidi akaisogeza bilauri kando, mikono ikawa huru, akaendelea kusimulia kwa Kiingereza.