Jibu la Watoto Arobaini na Mmoja

Karatasi ya kumi na mbili ilipofanana na ya kumi na moja hadi kwenye nukta, Joel aliacha kusahihisha.

Walikuwa watatu katika darasa tupu huko Moshono, na mbele yao ulikuwa mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, uliofanywa kwa pamoja na shule jirani. Bahasha zilikuwa na namba badala ya majina ya shule. Orodha ya namba hizo ingefunguliwa Jumatatu. Joel alikuwa mwalimu wa mwaka wa pili kazini. Mwalimu Rachel, mwenye mvi na miwani ya kamba, alikuwa mwenyekiti wa jopo. Bwana Elinami, afisa elimu kata, alisimamia, na kwa sehemu kubwa alisimamia simu yake.

“Samahani, Mwalimu,” Joel alisema. “Hebu tazama swali la tisa.”

Swali lilihusu shamba la mteremkoni ambalo udongo wake ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Mtahiniwa alitakiwa kueleza hatua mbili ambazo mwenye shamba angechukua. Shule namba tano ilikuwa na watahiniwa arobaini na mmoja, na wote walikuwa wameandika jibu moja: Mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la ardhi kwa nguvu ya maji, kwa upepo, au kwa uzembe wa binadamu asiyejua thamani ya anachokikanyaga.

Hati zilikuwa safi. Hapakuwa na herufi iliyokosewa.

Mwalimu Rachel alizipitia karatasi zote, moja baada ya nyingine. Uso wake haukubadilika.

“Sifuri,” alisema.

“Wote?”

“Mwongozo wa usahihishaji unadai hatua mbili. Nioneshe moja.”

Bwana Elinami alivuta karatasi, akasoma, akacheka kwa pua. “Uzembe wa binadamu. Hii haimo katika kitabu chochote. Mwalimu wao ameitunga mwenyewe. Na watoto wa huku wote huchimba matuta likizo na kupanda majani ya ng’ombe kingoni. Wanalijua jibu kuliko wewe, Joel, mtoto wa lami.”

“Wanalijua,” Mwalimu Rachel alisema. “Ila darasani hawajawahi kuulizwa. Muhtasari wa somo unataka mwanafunzi aweze kuuhifadhi udongo. Mwalimu wao anawafundisha kuutolea maana. Kila Ijumaa huwapa jaribio, huuliza maana, huandikiwa maana, naye hutoa tisini. Mtaala umebadilishwa mara mbili, sentensi haikubadilika.”

“Yote hayo umeyaona katika karatasi hizi?”

“Watoto arobaini na mmoja hawakosei pamoja kwa bahati mbaya.”

Joel alizikusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akazirudisha mezani. “Tuwape alama moja moja, Mwalimu. Angalau mada wameitambua.”

“Alama ya huruma haimo katika mwongozo.”

Aliivuta fomu ya taarifa. Katika nafasi ya mapendekezo aliandika polepole, kwa mwandiko wa kuunganisha: Mwalimu wa somo hili aondolewe katika darasa la mtihani mara moja, na lisikabidhiwe kwake tena.

“Usiandike hivyo,” Joel alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Pengine mwalimu huyo hana kingine zaidi ya darasa hilo.”

“Na watoto wana nini?”

Aliweka saini.

Bwana Elinami aliilaza simu. “Joel, unamtetea nani?”

“Simtetei mtu, mkuu.”

“Mimi naona unatetea.” Aliichukua karatasi ya juu, akaanza kuisoma kwa sauti ya kukejeli, kama mtoto anayekariri. “Mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la ardhi…” Alinyamaza ili ageuze karatasi kuelekea dirishani.

“Kwa nguvu ya maji, kwa upepo, au kwa uzembe wa binadamu asiyejua thamani ya anachokikanyaga,” Joel alimalizia. Alikuwa akitazama ukuta.

Nje, mtu alikuwa akiburuta dawati kwenye sakafu ya saruji.

“Kumbe,” Bwana Elinami alisema. “Bahasha ni ya shule yako. Unawasahihisha watoto wako mwenyewe, halafu unawaombea alama. Kijana, kwa hilo watu hufukuzwa kazi.”

“Si watoto wangu.”

“Sentensi umeipata wapi?”

“Nilifundishwa. Nikiwa darasa la sita.”

“Na nani?”

Joel aliinamisha kichwa. “Sikumbuki.”

“Sentensi nzima unaikumbuka, aliyekufundisha humkumbuki.” Bwana Elinami alifungua daftari lake, akaandika tarehe, kisha jina la Joel, akalipigia mstari. “Vizuri. Jumatatu, kabla ya orodha kufunguliwa, utakuwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nakuuliza mara ya mwisho.”

Joel alizilinganisha tena kingo za karatasi. Hakumtazama yeyote.

Mwalimu Rachel alifunika kalamu yake, akaiweka juu ya taarifa aliyokwisha kuisaini.

“Swali ni jepesi, Joel,” alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kutamka sifuri. “Simama, ujibu kwa sentensi kamili.”

Joel alisimama, mikono nyuma.

“Aliyenifundisha ni wewe, Mwalimu.”