Fulana ya Kampeni

Mzee Mbonea alipopanda kizimbani, watu waliangua kicheko, kisha wakamgeukia jaji mezani pake. Fulana yake, iliyopauka na kutoboka begani, ilikuwa na picha ya Jaji Sangiwa akitabasamu, ya enzi alipogombea ubunge. Chini ya picha paliandikwa NITAWASEMEA.

"Umeivaa makusudi?" jaji aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Ndiyo niliyokamatwa nayo msituni. Ulitugawia mwenyewe, pale stendi."

Alikuwa amekwisha kukiri kwamba alikata kuni ndani ya hifadhi. Sheria ilitaka kifungo, hakuna faini, na sheria hiyo Sangiwa mwenyewe ndiye aliyeipigania bungeni. Siku ilipopitishwa, wabunge wenzake waligonga meza hadi akashikwa na machozi ya furaha.

Sasa hakuweza kuitazama ile picha.

"Afande, mwambie aigeuze."

Mzee akaivua pale pale, mbavu nje mbele ya watu wote, akaigeuza, akaivaa tena. Alifanya haraka haraka, kama mtu anayeogopa kuwachelewesha wenye kazi zao.

"Samahani, Mheshimiwa. Endelea tu, nakusikiliza."

Jaji akashika karatasi ya hukumu, akafungua kinywa. Lakini kitambaa kilikuwa kimechakaa mno, na kilipogandana na jasho la kifua, ule uso ukajitokeza tena kutoka ndani, hafifu, ukitabasamu, ukipanda na kushuka kila mzee alipovuta pumzi.